Wakwe Zangu wa Benki Kuu

Watu wa Ronge wakiniuliza binti yangu yuko wapi, nilikuwa nikiwajibu yuko Moshi, na wote walinirudishia neno moja: si basi yuko hapo tu. Ni kweli, ni hapo tu. Asubuhi isiyo na ukungu, ukisimama mwisho wa migomba yangu unauona Mlima Kilimanjaro, na Moshi iko chini yake. Ningetoka nyumbani alfajiri ningefika kwake kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo, miaka yote aliyokaa kule nilimwona likizo moja tu kwa mwaka, na hao waliokuwa wakiniambia yuko hapo tu walikuwa na watoto wao Mombasa na Nairobi wanaokuja kila Pasaka na kila Krismasi. Nilikuwa nawaitikia kwa kichwa na kupita, maana nikianza kueleza mambo ya benki nilijijua, nitapandwa na hasira.

Mimi ni fundi mstaafu wa mashine za kuchakata mkonge. Nilifanya kazi kwenye shamba ambalo wenyewe walikaa ng'ambo, hatukuwahi kuwaona, ila kila amri tuliambiwa imetoka kwao. Kwa hiyo nilidhani nayajua mambo ya kampuni za kigeni. Mke wangu alifariki binti yetu akiwa chuo, na yeye ndiye mtoto wetu wa pekee. Nayasema haya mapema ili ieleweke nilikuwa nataka nini. Nilitaka arudi afanye kazi Voi kama zamani, ili Ijumaa jioni nisikie pikipiki ikipanda kile kilima nijue ni yeye.

Voi ndiko alikoanzia, kwenye dirisha la kupokea pesa, akapanda mpaka akawa msimamizi wa shughuli za tawi. Alikuwa amepanga chumba mjini na kila mwisho wa wiki anakuja nyumbani, ananikosoa jinsi ninavyopika, anafua mapazia ambayo mimi sikuona kama ni machafu. Kisha makao makuu ya Nairobi yakamtuma Moshi, kwenye benki yao iliyo upande wa pili wa mpaka. Aliniambia ni kwa muda. Sikumuuliza muda gani, kwa sababu kichwani mwangu tawi lilikuwa tawi. Kama lilivyo la Voi ndivyo lilivyo la Taveta, nikaona la Moshi ni hatua moja mbele ya hapo.

Nilijua kosa langu mwaka ule tulipotaka kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la mama yake. Ndugu walikuwa wamekubaliana Jumamosi, mchungaji amealikwa, na binti akapiga simu kusema hawezi kutoka.

"Baba, nimeshika ufunguo wa sefu," akaniambia. "Mwenzangu ni mgonjwa, na hakuna mwingine ameidhinishwa kunipokea. Siwezi toka nje ya mji."

Niliona hapo kasoro ni ya kutomwona mkubwa. Kwetu ukitaka jambo lako liende, unabeba kitu cha shambani unaenda kumwona mkubwa, mnaongea kama watu. Basi nikakata mkungu mzuri wa ndizi, nikaupeleka Voi kwa meneja wa zamani wa binti yangu, nimwombe awaamuru watu wa Moshi wamwachilie siku moja tu. Mlinzi wa mlangoni alinizuia. Akasema wafanyakazi wa benki hawaruhusiwi kupokea zawadi za wateja, na mkungu ukabaki nje kwenye kivuli cha kibanda chake huku mimi nikiingia mikono mitupu na tayari nimeudhika.

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole.

"Mzee, ile benki si yetu," akasema.

Nikamwonyesha nembo iliyokuwa ukutani nyuma yake. Nikamwambia ninayo picha ya binti yangu kwenye simu amesimama chini ya nembo hiyo hiyo.

"Jina ni moja, na wenyewe ni wale wale wa Nairobi," akasema. "Lakini kule tulifungua kampuni tanzu. Imeandikishwa kule, ina bodi yake, leseni yake imetoka Benki Kuu ya kule. Hata hii kompyuta yangu haioni kitu cha kule. Hata Nairobi wakimtaka binti yako leo, lazima kwanza kiti chake kipate mtu ambaye Benki Kuu ya kule imemkubali. Sasa mimi wa Voi nitamwamuru nani?"

Nikamuuliza kwa nini basi wamepaka rangi moja kama wanajua ni vitu viwili. Akacheka, akanieleza kwamba ni kama mtoto aliyetoka akajenga boma lake. Ukoo ni ule ule, lakini baba haingii jikoni kwake kufunua sufuria. Boma moja likiyumba, lingine lisimame lenyewe, na ndivyo serikali zote mbili zinavyotaka. Nilimwelewa vizuri kabisa, na kumwelewa hakukunisaidia chochote. Nilitoka, nikauchukua mkungu wangu, nikauuza sokoni Voi kwa bei ya hasira.

Msalaba tukauweka bila yeye. Jioni nilimpigia nikamweleza ulivyokaa, naye akaniuliza kama unaangalia upande wa bonde. Nikamwambia ndiyo.

Baada ya hapo niliamua kuyajua mambo yanayomshika mtoto wangu. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia, nami nilikuwa nimemwandalia maswali. Alikuwa na subira nami kuliko niliyokuwa nayo mimi nilipomfundisha kuendesha baiskeli. Hivyo nikajua kwamba kabla hajakalishwa kwenye kile kiti, Benki Kuu ya kule ilichambua vyeti vyake na hati yake ya polisi, kisha ikaiandikia Benki Kuu ya kwetu kuuliza kama ana doa lolote. Hilo liliniuma kidogo. Mtoto nimemlea mwenyewe, na hakuna aliyekuja Ronge kuniuliza mimi.

Nikaanza kuwaita watu wa Benki Kuu ya kule wakwe zangu. Binti hajaolewa, lakini kwa nilivyokuwa nikimsikiliza niliona ameshaolewa, kila jambo lazima wakwe waulizwe. Hesabu za siku wanazitaka kwa namna yao, na Nairobi nao wanazitaka hizo hizo kwa namna nyingine, kwa hiyo anaziandika mara mbili na hakuna anayemshukuru. Hawezi kuniambia kama jirani yangu aliyehamia Holili ana akaunti kwao, hata kwa mzaha. Wakaguzi wanaweza kutokea asubuhi yoyote bila kubisha hodi, na mwenye ufunguo wa sefu haruhusiwi kulala nje ya mji hata mwisho wa wiki. Na kuna mtaji ambao Nairobi walipeleka kule wakati wa kufungua, ambao hawawezi kuutoa wakijisikia, maana umewekwa uwalinde watu wa kule walioweka akiba zao. Nikamwambia hata mimi kuna mtaji niliupeleka kule na siwezi kuutoa. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema, "Baba, usinifanyie hivyo." Sauti yake ilikuwa imebadilika, nikajuta kidogo.

Kitu kimoja cha wakwe nilikipenda, nacho ni likizo ya lazima. Kila mwaka mtu wa benki sharti akae nje ya ofisi siku mfululizo, asiguse kompyuta, asijibu simu ya kazi, ili mwingine akae kwenye kiti chake na kama kuna uchafu uliofichwa uonekane. Wameiweka kwa kutomwamini mtu, na mimi niliipokea kama baraka. Hizo ndizo siku nilizokuwa nazo. Alikuja Ronge amechoka, analala mpaka jua linapanda, kisha tunakaa kwenye ngazi za jikoni tunachambua maharagwe. Lakini hata hapo, saa ya benki kufunguliwa ikifika, namwona anaitazama ile barabara ya kushukia Mwatate kana kwamba kuna mtu anamwita. Siku ya kuondoka sikuwahi kumsindikiza mpaka barabarani. Nilisema mgongo unaniuma, na haukuwa unauma.

Tumaini langu lilikuwa kwenye sheria nyingine. Kibali cha mgeni kufanya kazi kule ni cha muda, na benki lazima ionyeshe kwamba kuna mwenyeji anayefundishwa nafasi hiyo. Akiiva, mgeni anaiachia. Binti yangu alipewa mama mmoja wa pale pale Moshi amfundishe, rika lake, na mimi nikamshika mama huyo kwenye sala zangu kuliko jamaa zangu wengine. Kila Jumapili niliuliza habari zake. Amejifunza kufunga hesabu za jioni? Amejua kujibu barua za wakaguzi? Nikampelekea salamu, nikamwambia binti amwambie asome kwa bidii. Wakati huo huo nilimwita fundi akaweka dari kwenye chumba cha binti, nikabadilisha dirisha lililokuwa likiingiza mvua. Watu waliuliza kama naoa tena.

Jumapili moja alinipigia akasema yule mama ameidhinishwa. Wakwe zangu wamemkubali, nafasi ni yake, na kibali cha binti yangu kitafungwa. Nilisimama pale uani simu ikiwa sikioni, nimejaa furaha. Nikamuuliza anakuja lini, nimtafutie gari la kubeba vitu.

"Baba," akasema, "naomba uniletee vyeti vyangu. Zile setifiketi zote ziko kwa sanduku la Mama. Zenyewe, si kopi."

"Za nini?"

"Nairobi wanafungua Juba. Wamenipendekeza mimi niende. Benki Kuu ya huko nayo italazimika kunipitisha."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia Nairobi ina watu wengi, wamtume mtu ambaye baba yake ana watoto wengine. Nikamuuliza kama hajui kuna nafasi Voi. Akasema anajua, tena ameambiwa ni yake akiitaka. Alijaribu kunieleza kwamba Juba haitakuwa kampuni tanzu, itakuwa tawi hasa la benki ya Nairobi, na mimi nikamwambia sitaki kusikia habari za matawi. Nikakata simu. Ndiyo mara ya kwanza nilimkatia simu mtoto wangu.

Nilivipeleka vyeti, kwa sababu ni vyake. Lakini nilivipeleka nikiwa nimekwisha amua nitakachosema. Niliamka mapema nikapika kimanga, ndizi na maharagwe nikaponda pamoja kama alivyokuwa akiponda mama yake, nikatia kwenye hotipoti na kuifunga kwa kanga. Gari la Taveta nililipandia Mwatate. Njia nzima, kutoka Bura mpaka Maktau na kule mbugani hadi mkonge unapoanza tena, nilikuwa nalirudia neno langu: rudi nyumbani. Nilitaka nilitamke bila hasira, na bila kuonekana naomba.

Mpakani Holili afisa aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikasema kumwona binti. Akaitazama bahasha niliyoibana kwapani, akaitazama hotipoti, akanigongea muhuri.

Benki yenyewe niliijua kwa mbali, rangi zile zile za Voi. Mlinzi alinipa shikamoo kabla sijafungua mdomo. "Karibu sana, mzee wangu. Samahani, naomba nikukague kidogo." Kwetu mlinzi angeniambia fungua hiyo. Nikamwambia nataka kumwona msimamizi, ni mtoto wangu, na kwa namna nilivyolisema likasikika kama ugomvi, kwa vile Kiswahili cha kwetu hakijui kubembeleza. Akatabasamu tu. Akasema wakaguzi wa Benki Kuu wako ndani tangu asubuhi, dada hawezi kutoka, lakini ukumbini pana viti na feni.

Hivyo nilikaa na wateja, hotipoti magotini. Mbele yangu palikuwa na kaunta, na nyuma ya kaunta chumba chenye ukuta wa kioo. Binti yangu alikuwa humo amesimama. Wakaguzi walikuwa wameketi na mafaili yao, mmoja anauliza, yeye anajibu, na simsikii hata neno moja. Nilikuwa nimeyasikia hayo yote kwa simu, lakini sikuwahi kumwona akiyafanya. Hakuwa na haraka. Aliulizwa kitu, akafikiri, akafungua ukurasa akaweka kidole, na yule mkaguzi, mtu mzima mwenye mvi, akasogeza miwani akakubali. Kisha akaulizwa kingine. Pale shambani nilishindwa kujibu wakubwa mara nyingi hata nilipokuwa na haki, nilibaki nakunja kofia mkononi. Nilimtazama mtoto wangu muda mrefu sana. Nilimwonea fahari, na nilitamani mama yake awe kwenye kile kiti cha pembeni yangu aone.

Mama mmoja alitoka mlango wa ndani akaja akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba. Mimi ndiye niliyekuwa nafundishwa."

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kupita."

"Asante. Salamu zako za kila Jumapili nilikuwa nazipata Jumatatu." Akashusha sauti. "Nilijua unataka niive haraka ili umpate mwanao. Mimi nilikuwa namwombea akae. Nilikuwa nachelewesha vitu vingine makusudi, halafu nikipata salamu zako naona aibu, nasoma."

Nilimwambia nimepika chakula kingi, ale nasi.

Hakula nasi. Wakaguzi walipotoka kwenda kula, yeye alibaki kulinda ofisi, na binti yangu akatoka nje kunipokea. Chakula hakiruhusiwi kuingia ndani, basi tukakaa kwenye benchi la uani karibu na jenereta. Tulisalimiana kwa Kidawida chetu cha nyumbani, akafungua hotipoti, akanusa, akaanza kula kwa mkono. Amekonda. Nilimwachia ale kwanza. Kisha nikamuuliza kwa nini hasa wamemchagua yeye.

"Kwa sababu ni tawi," akasema. "Hapa tulikuwa kampuni yenye miguu yake. Kule hatutakuwa na miguu. Tukikosea, deni ni la Nairobi moja kwa moja, na Benki Kuu ya kwetu itawauliza wao. Kwa hiyo wanatuma mtu ambaye wanaweza kulala usingizi akiwa kule."

"Na wewe utalala?"

"Sijui, Baba."

Nikamkabidhi bahasha. Aliifungua, akavitazama vyeti vyake kimoja kimoja, mpaka kile cha shule ya msingi chenye alama ya kutu ya pini. Akavirudisha.

"Kopi za hivi ziko Nairobi kitambo," akasema. "Wakili alishazithibitisha. Havikuhitajika."

"Sasa mbona umenisumbua na njia yote hii?"

"Nilitaka uje. Hujawahi kuja." Akafuta mkono kwenye kanga. "Nairobi sijawajibu. Wanataka jibu leo jioni. Baba, ukiniambia nirudi Voi, nitarudi. Sitakulaumu hata siku moja. Niambie tu."

Neno langu lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimelibeba tangu Ronge, na hapo lilikuwa limeombwa, na kulitoa kulikuwa rahisi kuliko kupumua. Niliutazama mlango wa benki. Nikaikumbuka miwani ya yule mzee wa mvi ikisogezwa, na kidole cha mtoto wangu juu ya ukurasa.

"Nenda," nikasema.

Alisema tu sawa, Baba, akafunika hotipoti, akalifunga fundo la kanga vizuri kuliko nilivyolifunga mimi, na akaingia ndani kwa sababu wakaguzi walikuwa wamerudi.

Yuko Juba sasa. Jumapili tunaongea, mtandao ukiwa mzuri, naye ananieleza habari za Benki Kuu ya huko na barua za Nairobi, nami nauliza maswali yangu. Namuuliza kama anakula, kama kuna joto, kama anayefundishwa safari hii anashika haraka. Kuhusu lile benchi la Moshi hatujawahi kuongea. Sijui mpaka leo kama siku ile alinileta nimpe ruhusa ya kwenda, au alinileta nimkataze.